Beseni la Mwaka Mpya

Mama yangu hajawahi kufika Mandvi. Naliweka hili mbele mapema, kwa sababu ukikaa naye dakika tano tu sebuleni kwake Woolwich, ghorofa ya nne, dirisha likitazama sokoni, utaapa kwamba ameshuka kutoka huko jana na begi lake bado halijafunguliwa. Atakueleza ukuta wa mji ulibomoka upande upi na umebaki upande upi. Atakueleza habari za mto unaoingia baharini, na mafundi wanaounda vyombo vya mbao kando yake bila karatasi wala ramani, kwa jicho tu. Atakueleza jinsi wanawake wanavyofunga vitambaa vifundo vidogo kama punje za choroko kabla ya kuvitia rangi, na jinsi watu wa Kachi yote, nchi ile kavu ya magharibi mwa India, wanavyotazama juu mwezi wa sita wakingoja wingu. Yeye amezaliwa Mombasa, ameolewa Mombasa, na huko huko akatuzaa mimi na kaka yangu kabla ya kuja London. Mandvi aliisikia kwa bibi yake, aliyetoka huko bi harusi mdogo na akaisimulia mpaka siku ya kufa.

Kwa hiyo Mandvi ya Mama ina sheria zake. Ule mkate wa kujazwa viazi vya viungo, karanga na komamanga, ambao India nzima inajua umetoka Mandvi, Mama haukubali. Ulibuniwa baada ya bibi yake kuondoka, basi si wa Mandvi, ni wa vijana wasio na kazi. Lakini muhogo wa nazi ni chakula cha Mandvi halisi. Nilipomwambia kwamba kule hata muhogo hawaujui, alinijibu kwamba bibi yake alikuwa akiupika, na kama sitaki nisile. Nikala.

Nyumbani kwetu Kikachi kilikuwa lugha ya sala na sifa. Kiswahili kilikuwa lugha ya ugomvi, ndiyo maana nakijua vizuri. Kazi yangu ni ukalimani: hospitalini, shuleni, kwenye ofisi za nyumba na za wahamiaji. Kazi hii ina amri moja tu, usiongeze wala usipunguze, na nimeifuata miaka yote kwa watu baki. Aliyeniponza ni kaka yangu.

Kaka anakaa Leicester, ana duka la miwani. Baba alipofariki alikuja, akafanya yote yanayompasa mwana mkubwa, akarudi kwake. Mwaka wa kwanza hakuonekana. Mwaka wa pili hakuonekana. Alipiga simu kila Jumapili saa tano, dakika kumi na mbili, nne kati ya hizo akiwa amempa simu mkewe. Mama hakulalamika hata siku moja. Alichofanya ni kupika kila Jumamosi, endapo Kaka atatokea, na asipotokea chakula kinatiwa kwenye vikopo na kuandikwa jina lake. Friza lilijaa. Akanunua la pili, akaliweka chumbani kwangu, nami nikawa nalala na dengu za kaka yangu zikinguruma kichwani.

Mwaka huo wa pili mwenyekiti wa chama chetu alimwomba Mama azungumze kwenye sherehe ya mwaka mpya wa Kachi, ambao huingia pale mvua zinapokaribia. Chama chetu ni familia chache za kusini-mashariki mwa London, waliotoka Mombasa, Unguja na Kampala, na wengine wachache sana waliotoka India kwenyewe, ambao hukaa nyuma na hawaulizwi kitu. Mama alisimulia, mimi nikaandika kwa herufi za Kigujarati ili aje asome. Hotuba ikapungua ukurasa mmoja. Mama akaniambia nijaze, akaenda kupika, maana ilikuwa Jumamosi. Niliusikia ule mwiko ukigonga sufuria, nikajua anampikia nani, na hasira zikanipanda. Nikajaza.

Niliandika kwamba katika tarafa ya Mandvi, siku ya mwaka mpya, bahari inapofungwa na vyombo vyote kupandishwa mtoni, kila mwana aliye mbali hurudi kwa mama yake. Mama humwosha miguu kwenye beseni kuitoa chumvi ya safari. Mwana asiyeoshwa, chumvi humganda mwaka mzima, na riziki yake hushikwa na kiu. Hilo la riziki lilinipendeza sana. Kaka yangu husali mara moja moja, lakini riziki huiwazia kila saa.

Mama aliisoma hotuba jukwaani kwa sauti yake ya Mandvi, ile nzito. Alipofika kwenye beseni alisita kidogo, akafuta miwani, akaendelea hadi mwisho. Mtu mmoja alirekodi, video ikazunguka kwenye simu. Jumatatu, siku ambayo si yake, Kaka akapiga simu kuniuliza eti kuna mambo gani ya chumvi.

Mwaka uliofuata alikuja na taulo. Hakuja peke yake: watoto wa watu walitoka Birmingham, Luton na Reading, wanaume wazima wenye suti, wakapanga mstari kwenye ukumbi wa kuingilia, soksi mifukoni. Aliyefiwa na mama alioshwa na mama wa mwenziwe. Mama yangu alimwosha Kaka kidole baada ya kidole, akampeleleza kucha, akagundua fangasi, akamwamuru aende kwa daktari, kisha akampeleka nyumbani akamfungulia friza. Alikaa mpaka Jumatatu. Mimi niliye karibu sikuwa na haki ya kuoshwa. Nilikuwa nimejiandikia mwenyewe kazi ya kubeba maji.

Mwaka wa tatu wa mabeseni wazee wakaanza kukumbuka. Mzee mmoja aliyekulia Kisumu alisimulia, machozi yakimlenga, beseni la shaba la babu yake, lililokuwa na mpini mmoja uliovunjika. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya uongo, sikuiona. Mwingine akasema kwao maji yalikuwa ya vuguvugu, yale ya baridi ni ya vijiji vya bara, watu washamba. Hapo pakazuka kambi mbili. Mwenyekiti aliwaandikia barua ya kuwapatanisha, wao wakaandikiana barua wenyewe kwa wenyewe, na kikao kimoja kilivunjika kwa sababu ya birika. Mwishowe pakawa na mistari miwili, wa baridi na wa vuguvugu, na kila mstari ukiusikitikia mwingine.

Aliyeteseka ni msimamizi wa ukumbi, mtu wa Bukavu, mkubwa wa mwili na mpole, anayeogopa sakafu yenye maji kuliko anavyoogopa wakubwa wake. Kila mwaka alituwekea vile vibao vya njano vya kuonya utelezi, akimfuata Mama nyuma. "Mama, hii maji yote mutaimwanga wapi?" Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha Mombasa kwamba maji hayajawahi kukosa pa kwenda. Basi wakazoeana.

Mambo yakaenda hivyo miaka sita. Halafu mwenyekiti akatangaza mgeni wa heshima: mwalimu mstaafu kutoka Mandvi yenyewe, anayeandika historia ya tarafa ile kijiji kwa kijiji, na sasa yuko Harrow kwa mpwa wake kwa muda wa miezi miwili. Atakuja, mwenyekiti akasema kwa furaha, kutuhakikishia mila zetu.

Nilishikwa na hofu, na sioni haya kuisema. Heshima yangu si kitu, mkalimani hana heshima ya kupoteza. Nilimwogopea Mama. Kaka yangu si mtu mbaya, ila ni mtu anayetafuta sababu ya kutoingia barabarani, na hapa ilikuwa inaletwa sababu kutoka India, tena yenye vitabu. Akisikia kwamba kule Mandvi hakuna aliyewahi kumwosha mwenziwe miguu, tutarudi kwenye dakika kumi na mbili za Jumapili. Friza lile la pili tulikuwa tumeshaligawa, na Mama alikuwa amefika themanini na moja.

Wiki moja kabla ya sherehe nilikwenda Harrow, kwa kisingizio cha kuzungumzia ukalimani, maana mimi ndiye niliyetakiwa kuitafsiri hotuba yake kwa vijana wetu, ambao Kikachi wanakisikia kidogo na kujibu Kiingereza. Nia yangu ilikuwa kukiri. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba, sweta juu ya sweta ingawa ni Juni. Kabla sijaketi alikuwa amesharekebisha jina la kijiji cha bibi yake Mama jinsi ninavyolitamka, na nilipomtajia chombo cha baba wa bibi yule, chenye milingoti mitatu, alitikisa kichwa. Milingoti miwili, binti yangu, na labda hakikuwa chake. Ukutani palikuwa na picha ya mwanawe, amesimama kwenye theluji ya Toronto. Nilimuuliza kama humwona mara kwa mara. Akasema hupiga simu Jumapili.

Nikaona hapo ndipo pa kuanzia, nikafungua mdomo. Lakini mzee alikuwa ameshageukia makaratasi yake, akinionyesha kitabu cha mwenziwe aliyeandika juu ya Mandvi bila kufika huko. "Historia ni kama mchele," akasema. "Jiwe moja tu linatosha kuvunja jino, na anayeuma ndiye anayelaumiwa, si aliyelitia." Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo, ikaniunguza, nikaaga.

Njiani nilijaribu kufikiri namna ya kumwandaa Mama. Nilipofika nyumbani nilimwambia kwamba huenda mwalimu asiyajue mambo yetu yote. Mama alikuwa akichambua majani ya mchunga aliyoyapata sokoni, hakuinua kichwa. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na nisisahau kununua taulo mpya.

Siku yenyewe Kaka alifika mapema, mbele ya wote, na jambo hilo lilinichoma. Mwalimu akaingia, akakuta mabeseni, birika na mistari miwili ya wanaume peku. Akauliza ni nini. Wazee wakamweleza kwa pamoja. Akatoa daftari na kalamu, akaanza kupita mtu mmoja mmoja, akiuliza: nani alikuonyesha, wapi, mwaka gani, beseni la nini. Wakamjibu bila kusita. Lile beseni la shaba la Kisumu sasa lilikuwa na mipini miwili iliyovunjika. Mimi nilisimama kando na ndoo yangu, nikijiambia njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia ukumbini Woolwich.

Mwisho wa mstari wa vuguvugu alikaa yule msimamizi wa ukumbi, suruali ameikunja mpaka magotini, vibao vyake vya njano ameviegemeza ukutani. Hakuna aliyemwalika. Mama alimtazama, akamwaga maji yaliyotumika, akaweka mapya, akainama. Mwalimu akanigusa bega akataka nimuulize kama na kwao iko mila hii. Nikauliza. Msimamizi akaona ni swali la kiofisi, akalijibu kwa adabu.

"Kwetu haiko. Iko hapa," alisema. "Mimi na mama yangu hatujaonana miaka kumi na sita. Nikaona hii mama pia iko na mikono."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mwalimu hakuandika. Alifunga daftari, akalitia mfukoni, akasimama pale mpaka Mama alipomaliza kumpangusa yule bwana vidole.

Jukwaani alizungumza vizuri. Alisimulia habari za ukuta wa mji, za mafundi wa mtoni ambao mpaka leo huunda chombo kimoja kwa miaka mingi, za mashua na bidhaa na wake waliobaki nyuma wakihesabu miezi. Nami nilifuata kwa Kiingereza kwenye kipaza sauti cha pili. Vijana walikaa upande wangu, na kati yao Kaka, safu ya tatu, kwa sababu Kikachi chake kimeota kutu. Miguu yake ilikuwa bado haina soksi.

"Sasa hili la kuosha miguu," mwalimu akasema. "Nimeizunguka tarafa nzima kwa baiskeli na kwa miguu miaka thelathini. Sikulikuta popote."

Wazee wakatazamana. Upande wa vijana ulinitazama mimi. Ningeweza kusema kitu kingine. Ningeweza kusema amependezwa sana, na nani angenijua? Wazee wasingesimama kunisahihisha Kiingereza changu mbele ya mgeni. Kaka alikuwa amenikazia macho kama mtu anayesubiri bei. Lakini miaka thelathini ya baiskeli ya yule mzee ilikuwa mkononi mwangu, na jiwe moja nilikuwa nimeshalitia. Nikatafsiri kama lilivyo.

"Nitaliandika," mwalimu akamalizia, akaketi.

Watu wakapiga makofi mpaka madirisha yakalia. Walikuwa wameelewa kwamba Mandvi imepoteza mila na sisi tumeihifadhi. Mzee wa Kisumu alikumbatiana na adui yake wa maji ya vuguvugu. Kaka naye alipiga makofi, akainama kumwambia kijana wa jirani kitu, na baadaye niligundua alikuwa akimwambia kwamba Mama ndiye aliyeanza. Mimi nilikaa chini. Mama alikuwa amepona, lakini kitabu cha mzee wa watu kilikuwa kinakwenda kuingia uongo wangu, na sikuweza kuubeba.

Baada ya sherehe mwalimu alikuja kwetu kunywa chai. Kaka alikula sahani tatu akaenda kujilaza chumbani, mlango ukafungwa. Tulibaki sisi watatu. Mama alikuwa akimimina, nami nikasema yote kwa Kikachi, haraka, kabla sijaingiwa na woga: kwamba mila ile niliitunga mimi Jumamosi moja, kwa hasira, kwa sababu hotuba ilipungua ukurasa.

Mama alimaliza kumimina kikombe cha tatu. Akahamia Kiswahili.

"Nilijua tangu nilipoisoma," akasema. "Bibi yangu mimi amwoshe mtu miguu? Alikuwa hainami hata kuokota kijiko."

Nilikasirika, sana. Miaka sita nimebeba ndoo na dhambi, na yeye anajua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwamba lilikuja na gari kutoka Leicester, sasa yeye alalamike nini. Akamsogezea mwalimu sukari.

Mwalimu hakuomba atafsiriwe. Alikoroga chai yake taratibu, akasema na yeye alijua, tangu alipoliona beseni la kwanza. Mwezi ule, kabla ya mvua, visima vya Mandvi vimekauka, maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe. Mwanamke ambaye angemwagia mtu maji miguuni angepigwa na ukoo mzima. Nilitaka sakafu inimeze. Mtaalamu mzima wa kutoongeza neno, na sikufikiria maji yanatoka wapi.

"Lakini umesema utaliandika," nikamwambia.

"Nitaliandika mahali pake," akasema. "Nina sura moja ya mwisho, ya watu wetu walioko nje. Yule bwana mkubwa amenipa maneno sahihi kuliko wazee wote. Kwao haiko. Iko hapa. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu."

Akatoa daftari, akaling'oa karatasi moja nyeupe, akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake. Akaomba nimwandikie ukurasa ule kama nilivyouandika mara ya kwanza, pamoja na ile sentensi ya riziki. Na kama sitachoka, niuandike na kwa Kiingereza, maana mwanawe wa Toronto hasomi Kigujarati vizuri. Alisema hayo akiangalia kikombe.

Nikaandika. Mama aliniinamia begani akasema niweke vuguvugu, mambo ya baridi yaishe. Nikaweka. Mwalimu alisubiri mpaka nikafika kwenye bahari kufungwa, akakohoa.

"Binti yangu, hapo umetaja vyombo tu. Anayesafiri kwa ndege yumo?"

Nilimtazama Mama. Kutoka chumbani tulisikia Kaka anakoroma.

"Yumo," Mama akasema.

Nikaongeza mstari, nikaandika: hata wanaokuja kwa ndege.